Isabgol ya Marikiti

Treni ya kaunti huondoka Nairobi asubuhi na kusimama kila kituo: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, hadi Miritini. Wenye haraka hupanda ile ya moja kwa moja. Mimi sikuwa na haraka. Ilikuwa safari yangu ya kwanza tangu niambiwe nina ugonjwa wa siliaki, na mkoba wangu ulikuwa umejaa chakula kuliko nguo: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu na maji.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetibiwa amiba hadi nikayazoea majina ya vidonge vyake. Mwishowe daktari mmoja akaagiza kipimo cha damu, kisha kamera ikashushwa tumboni na kipande kidogo cha utumbo kikachukuliwa kwenda kupimwa. Majibu yakasema kwamba kila nilapo gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wangu huushambulia utumbo mwembamba. Ugonjwa huu hauna kidonge. Tiba yake ni kuachana na gluteni maisha yote.

Basi nikaacha chapati, mkate na maandazi, nikashika wali mweupe na ugali wa sembe. Kuhara kukakoma, choo kikafunga. Mtaalamu wa lishe akanieleza kwamba wengi huangukia hapo: mtu anaondoa ngano na kujaza sahani wanga uliokobolewa, nyuzinyuzi zikabaki chache. Akanitaka nianze na dona, mtama, kunde na mboga, na choo kikikataa kulainika niongeze nyuzinyuzi za dukani, mradi ziwe salama.

Kwenye maduka ya dawa ya Nairobi nikagundua kwamba neno "mradi" lina kazi kubwa. Kopo moja lilisifu nyuzinyuzi asilia upande wa mbele. Nyuma, kwa herufi ndogo, zilikuwa pumba za ngano. Jingine lilikuwa dekstrini ya ngano, ambayo baadhi ya watengenezaji huisafisha na kuipima mpaka gluteni ishuke chini ya kiwango, lakini kopo lile halikusema lolote kuhusu kupimwa. Vidonge vya kutafuna vilikuwa na ladha ya kimea, na kimea mara nyingi hutokana na shayiri. Nilimwuliza muuzaji kama vina gluteni. "Hizo ni nyuzinyuzi tu, dada, hazina neno," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Shangazi aliponipigia simu kunialika harusi ya bintiye Mombasa nikamsimulia. "Njoo, mwanangu," akasema. "Hapa Marikiti isabgol tele. Wahindi wanaitumia tangu sijazaliwa."

Tulipopita Emali, mama aliyeketi mbele yangu akafungua hotipoti, harufu ya chapati ikajaa behewa. Akanikaribisha. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba ngano inanidhuru. "Basi kula kidogo tu, upate kuonja." Aliyasema kwa moyo mweupe, na ndilo jambo gumu kuliko yote kulieleza. Kiwango cha kimataifa cha Codex, ambacho nchi nyingi hukifuata, kinataka chakula kinachouzwa kwa jina la kutokuwa na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Kipande kimoja cha chapati kina gluteni ya kuhesabiwa kwa gramu. Nikamkaribisha karanga zangu, akapokea, na tulipofika Tsavo tulikuwa tunaonyeshana ndovu wekundu kwa vumbi kama watu waliojuana zamani.

Mombasa niliifikiria kwa hofu ya mahamri na sambusa. Sikuwa nimewaza kwamba nusu ya vyakula vya asubuhi vya Pwani hutokana na mchele na nazi. Ila mchele peke yake haukutosha kuniondolea shaka. Jirani wa shangazi anayekaanga vitumbua barazani aliniambia waziwazi kwamba huongeza viganja viwili vya unga wa ngano ili vishikane, na mafuta ni yale yale yaliyokaangiwa mahamri. "Lakini mkate wa sinia nausaga mchele mwenyewe, mwanangu, na tui na hamira. Huo kula." Nikaula, kwa mbaazi za nazi.

Kesho yake tukaenda soko la Marikiti, kando ya Barabara ya Digo. Duka lilikuwa jembamba, magunia yamefunguliwa midomo: binzari, bizari nyembamba, dengu, suji ya ngano, na katikati yake isabgol, maganda mepesi yenye rangi ya maziwa yaliyochujuka, yanayorushwa hata na pumzi. Ni maganda ya mbegu za mmea uitwao Plantago ovata, unaolimwa zaidi Gujarat na Rajasthan, na kwa asili yake hauna gluteni. Bei ya kupimiwa ilikuwa nafuu sana. Shangazi alikwisha kufungua pochi.

"Shikamoo, mzee. Kikombe hiki cha kupimia ndicho mnachochotea suji?"

"Marahaba. Ndicho," akajibu bila kusita, kisha akanitazama. "Ngano inakuumiza?"

Nikasema ndiyo. Akafunga gunia, akapanda kijingazi, akashusha boksi lenye lakiri. Akatoa lenzi kwenye droo, tukasoma pamoja chini ya balbu: kilichomo ni maganda ya isabgol peke yake, bila sukari wala ladha, na maelezo kwamba yamepimwa gluteni. Boksi lile lilikuwa ghali zaidi, nikalilipia. Alipokuwa akirudisha chenji akaniagiza nianze na kijiko kidogo, nikoroge kwenye glasi kubwa ya maji na kunywa papo hapo kabla hayajawa ute, kisha niongeze maji mengine. Yakimezwa makavu huvimba na yanaweza kumkaba mtu. Mtaalamu wangu aliniambia hayo hayo, akaongeza kwamba dawa nyingine zipishane nayo kwa saa kadhaa.

Harusini nilikula pilau, kachumbari na mbaazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku zitokanazo na chakula chenyewe, na meza ile ilinisogeza mbali kuelekea huko kabla sijagusa boksi. Isabgol ikabaki ya kuziba pengo, siku za safari hasa.

Tangu Marikiti nimebadilisha namna ya kuuliza. Neno gluteni wauzaji wengi hawalijui, na asiyelijua atakujibu "hakuna" ili akufurahishe. Lakini kila muuzaji anakijua kikombe chake, kila mwenye kinu anajua alichokisaga kabla ya wimbi wako, na kila mkaanga vitumbua anajua mafuta yake yametoka wapi. Nikiwauliza hayo, hujibu kweli.