Kariakoo: Kadi Moja, Majina Mawili

Mpenzi msomaji, Jumamosi ikifika wewe na mwenzi wako huwa mnaelekea wapi? Najua wengi mtajibu Coco Beach, mihogo ya kukaanga na upepo wa bahari. Sina ugomvi na mihogo, naipenda sana. Lakini leo nataka kuwapeleka mahali ambako hakuna anayekwenda kutafuta mapenzi, na ambako mimi na mume wangu tulijuana upya baada ya miaka saba ya ndoa. Ni Kariakoo, kwenye vichochoro vya wapiga chapa.

Tulikwenda kutengeneza kadi za biashara na lebo. Basi. Kazi ya saa mbili, tulivyodhani.

Biashara yenyewe ni achari. Achari ya embe na pilipili ya kusaga, mapishi ya mama yangu mzazi, ambayo huwa naipika nyumbani kwetu Kimara kila Ijumaa usiku nikitoka ofisini. Mume wangu ndiye anayebeba chupa kwenda kazini kwake na kuziuza. Mtaji wa kwanza ulitoka kwenye bonasi yake. Kama wajasiriamali wengi wa umri wetu, tulianza na marafiki, marafiki wakawaambia marafiki, mpaka siku moja mwenye duka fulani akatuambia: "Leteni katoni mbili. Lakini hizi chupa zenu hazina lebo. Mteja atajuaje ni ya nani?"

Tulikuwa na vipeperushi, tena 1,000! Viko chini ya kitanda mpaka leo. Mwaka jana tulivichapisha harakaharaka, mume wangu anaongea na simu, mimi nimenuna kwa sababu anaongea na simu. Kijana akatuonyesha sampo, sote tukatikisa kichwa: sawa, piga kazi. Tulipofika nyumbani ndipo tukagundua namba yetu ina tarakimu tisa. Moja imeruka! Kosa la nani? Waliokubali sampo ni sisi. Usiku ule tulilaumiana kama watu walioungua nyumba.

Mwendokasi mpaka Msimbazi

Kwa hiyo safari hii tulikubaliana: twende wote wawili, simu mfukoni. Asubuhi tukapanda mwendokasi Kimara. Njia hii, iliyoanza kazi mwaka 2016, inashuka na Barabara ya Morogoro kupitia Ubungo, Manzese na Magomeni, inavuka bonde la Jangwani, halafu pale Fire basi la Gerezani linakata kulia kuingia Mtaa wa Msimbazi. Ukishuka tu, umefika.

Kwa wageni wa jiji, jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi eneo hili. Mpaka leo mzigo ndio mwenye mtaa. Mkokoteni ukija, wewe unapisha, hata kama umevaa suti. Wengi wanalijua lile soko lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo liliungua kwa moto Julai 2021. Lakini Kariakoo si soko peke yake, na tulichokuwa tunakitafuta kiko mitaa ya pembeni.

Hatua chache tu winga akatudaka. "Dada, kaka, mnatafuta nini? Simu? Pazia?" Tulipotaja kadi akajibu papo hapo, "Nifuateni." Winga hana duka, ana miguu na mdomo, na riziki yake inaongezwa juu ya bei yako. Tukamshukuru, tukaendelea wenyewe.

Utajua umefika kwa wapiga chapa kabla hujasoma bango lolote. Pua inatangulia: wino, gundi na karatasi mpya. Mbele kuna vioo vimejaa sampo za kalenda, vitabu vya risiti, mihuri, fulana, stika, na kadi za harusi za kila rangi. Nyuma, kwenye uchochoro, mashine zinanguruma. Huku huyu anadizaini, yule anatengeneza pleti, mwingine anachapa, mwingine anakata kwa mashine yenye kisu kirefu kama cha bucha, na vijana wanakimbia na marimu kichwani kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kadi yako moja inaweza kupita mikono ya watu watano bila wewe kujua.

Kitu kingine utakachokiona kwa wingi ni mifuko ya karatasi na ile laini ya kitambaa, imeandikwa majina ya maduka, saluni na mama wa keki. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, wenye biashara ndogo wengi waligundua kwamba mfuko nao ni tangazo. Mteja analibeba bure, tena mtaa mzima!

Darasa la dogo

Tuliingia duka moja lenye kompyuta mbili na feni moja. Dogo mdizaina, umri wake hata miaka 25 sidhani, akatukaribisha viti vya plastiki, akaomba nembo yetu. Mume wangu akamtumia kwa WhatsApp. Dogo akaivuta ikue, ikageuka vigae vya bafuni.

"Kaka, hii imebanwa na simu. Nitumie faili lenyewe, siyo picha. Kwa kuchapa tunataka nukta 300 kwa kila inchi."

Hapo darasa likaanza, na ninyi wenye biashara zenu sikilizeni. Kwanza, rangi. Ile ya chungwa inayowaka kwenye simu haitawaka hivyo kwenye karatasi, kwa sababu simu inatoa mwanga, karatasi inapokea wino, na mashine inachanganya rangi nne tu: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kwa hiyo usikubali rangi ukiwa unatazama kioo. Omba ichapwe moja uishike mkononi.

Pili, karatasi. Inapimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Ya fotokopi ni gramu 80. Kipeperushi kizuri kinaanzia kama 115 hadi 150. Kadi ya biashara ni 300, ndiyo ile isiyojikunja kwenye pochi.

Tatu, idadi. Ukitaka kadi 100, mashine ya kidijitali inakutosha, maana karatasi moja ya A3 inatoa kadi kama 20. Ukitaka maelfu, nenda ofseti. Gharama kubwa ya ofseti iko mwanzoni, kwenye pleti na kuiandaa mashine, kwa hiyo kadiri idadi inavyopanda bei ya kila moja inashuka. Ndiyo maana tulishawishika kuchapa vile vipeperushi 1,000. Rahisi kweli, lakini kosa nalo linajichapa mara 1,000!

Na kwa sisi wa vyakula, lebo ina mambo yake: jina la bidhaa, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa kutumika, na jina na anuani ya mtengenezaji. Achari ina mafuta, kwa hiyo stika ya karatasi tupu itachafuka. Ifunikwe kwa plastiki nyembamba.

"Jina la mhusika?"

Tukaanza na kadi. Dogo akaweka vidole kwenye kibodi. "Jina la mhusika?"

Mume wangu akataja jina lake. Hakusita hata sekunde. "Weka na cheo. Mkurugenzi Mtendaji." Halafu namba yake ya simu.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Sikusema kitu. Dogo akachapa, akaprinti moja, akatukabidhi. Kadi nzuri, nembo imetulia, jina la mume wangu limekaa katikati kama la waziri. Nikaigeuza nyuma. Nyeupe.

Nikainua macho nikakutana na ile kabati ya kadi za harusi. Bwana na Bibi fulani wanayo furaha kukualika. Kadi za mwaliko, kadi za mchango, zote majina mawili mawili. Ndipo nikapata hesabu: mara ya mwisho jina langu na la mume wangu kuchapwa kwenye karatasi moja ilikuwa kadi yetu ya harusi. Tena tuliichapisha mitaa hii hii.

"Tutarudi," nikamwambia dogo.

Tukatoka. Tulitembea bila kuongea mpaka kwenye duka moja la khanga. Moja ilikuwa imetundikwa mlangoni, na pembeni mwa maandishi yake kulikuwa na ile alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa: Mali ya Abdulla. Vizazi na vizazi vya wanawake wa pwani wamejifunga jina hilo. Mume wangu akalisoma kwa sauti, akajaribu kucheka. Mimi nikasema, "Na achari je? Mali ya nani?"

Tukasimama kwa muuza juisi ya miwa, na hapo ndipo tukaongea. Nilisema yangu: Ijumaa usiku mikono inawaka pilipili mpaka nashindwa kumshika mtoto, halafu kwenye kadi mimi sipo. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na nani aliandika namba yangu kwenye zile chupa za kwanza?"

Jamani. Ni mimi. Niliandika kwa mkono wangu, kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu niliamini mteja atamchukulia mwanaume kwa uzito zaidi. Hakuna aliyenilazimisha. Kumbe mtu wa kwanza kunifuta kwenye biashara yangu nilikuwa mimi mwenyewe.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kazini kwao amerukwa kwenye kupandishwa cheo mara tatu. "Nilitaka tu kadi moja," akasema, "yenye cheo, hata kama ni cha achari." Nilijua amerukwa. Sikujua kwamba bado inamuuma kiasi kile.

Karatasi ina maana yake

Usione ni mambo ya kadi tu. Kadi si hati ya umiliki, hilo kweli. Lakini karatasi moja huvuta nyingine: jina la kwenye kadi ndilo linalokwenda kwenye akaunti ya benki, kwenye mkataba wa duka, na BRELA mnapokwenda kusajili jina la biashara, ambalo linaweza kusajiliwa kwa mtu mmoja au kwa ubia. Na Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ya huyo mwenye jina, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa sehemu zao ni sawa. Ni kweli Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini nani anataka kufika mahakamani kuthibitisha alipika achari?

Tulirudi kwa dogo saa nane mchana. Kadi ina pande mbili, akatukumbusha, na upande wa pili wengi wanauacha bure. Mbele tukaweka jina la achari na nembo. Nyuma, majina mawili, herufi za ukubwa mmoja. Vyeo tukavijadili mpaka dogo akaagiza chai. Mwishowe langu likafuatiwa na Uzalishaji, lake Mauzo na Usambazaji. Namba ni laini mpya ya biashara, siyo yake wala yangu. Kwenye lebo, mbele ya Imetengenezwa na, kuna jina langu.

Sampo ilipotoka tuliisoma kwa sauti, mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole. Tarakimu kumi. Tukahesabu mara mbili. Ndipo tukasema, piga kazi. Kadi 100 tu, siyo 1,000. Tumejifunza.

Basi msomaji wangu, kama wewe na mwenzi wako mna kabiashara, keki, nguo, hata kuku, nawashauri mwende Kariakoo pamoja. Msimwachie mmoja. Nendeni asubuhi kabla jua halijakuwa kali, vaeni viatu vya kutembea, na kabla ya kukaa mbele ya kompyuta ulizaneni swali la dogo: jina la mhusika ni nani? Mkishindwa kujibu, juisi ya miwa iko nje.

Ile sampo ya kwanza, ya Mkurugenzi Mtendaji, nilidhani aliitupa. Jumatatu nikitafuta chenji nikaiona kwenye pochi yake, nyuma ya picha ya mtoto. Nikairudisha palepale. Mwacheni mkurugenzi wangu. Ijumaa hii ameahidi kumenya embe.