Pareshoki ya okazioni: ipime kwenye gari kabla ya kulipa

Jamaa mliohamishwa na vita, leo nataka tuongee juu ya pareshoki ya gari, ile wengine wanaita bampa. Hapa Butembo kuna familia nyingi zinazoishi kwa gari moja la taksi. Kwa familia iliyokimbia, pesa ya kununua kipuri kimoja mara mbili haiko.

Shemeji yangu alikimbia Kanyabayonga mwezi wa sita 2024, mji ulipochukuliwa. Nyumba na shamba vilibaki. Walitoka watu na Toyota Noah moja. Gari hilo ndilo linalipa nyumba ya kupanga na masomo ya watoto wanne. Siku moja lori lilirudi nyuma, likavunja pareshoki ya mbele. Radieta ikabaki wazi kwa mawe ya barabara, na abiria wakaanza kuchagua magari mengine.

Aliniomba tuende pamoja kutafuta nyingine ya okazioni. Muuzaji wa kwanza alituonyesha moja safi, nyeupe kama gari lenyewe. "Ni ya Noah, chukueni, dola 70." Alisema kweli, ilikuwa ya Noah. Lakini Noah si moja. Ile ya 1996 mpaka 2001 ina umbo lake. Iliyofuata ilitengenezwa 2001 mpaka 2007, na mwaka 2004 Toyota iliibadilisha sura ya mbele. Kuna pia Voxy: mwili ni ule ule, lakini pareshoki ya mbele ni tofauti.

Kwa hiyo anza na gari lako. Tafuta kibati kidogo chenye maandishi, ambacho mara nyingi kiko ndani ya boneti. Pale utaona kodi ya modeli na kodi ya rangi. Gari la shemeji ni AZR60. Hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kodi ni hiyo hiyo kabla na baada ya 2004. Piga picha ya mataa ya mbele, maana pareshoki inapaswa kukaa sawasawa chini yake.

Tena, usitupe ile iliyovunjika. Tulibeba vipande vyake kwenye mfuko. Ukigeuza pareshoki ya Toyota, utakuta mgongoni namba iliyochapwa ndani ya plastiki. Ya mbele huanza na 52119, ya nyuma 52159. Namba zinazofuata ndizo zinazotenganisha modeli moja na nyingine. Linganisha na kipande chako. Pareshoki ile nyeupe ilikuwa na namba nyingine. Tuliomba kuipima kwenye gari hata hivyo, muuzaji akakataa. Tukaenda zetu.

Kwa muuzaji mwingine tulipata namba ile ile. Hapo tulikagua masikio, yaani sehemu ambapo skrubu na klipsi zinashika. Sikio likivunjika, pareshoki itatetemeka barabarani na mwisho itaanguka. Tuliangalia matundu ya mataa ya ukungu. Tulipapasa pia rangi kwa mkono: pakiwa na unene mahali pamoja, huenda kuna ufa uliofichwa kwa mastiki.

Fundi wetu naye alitazama chuma kilicho nyuma ya pareshoki. Kilikuwa kimepinda upande wa kushoto. Angeacha vile, hata pareshoki sahihi isingekaa. Alikinyoosha kwanza, ndipo tukapima. Nafasi kati ya pareshoki na taa ilikuwa sawa kushoto na kulia, na kila skrubu ilipata tundu lake.

Bei ilikuwa dola 80, na rangi yake ni ya kijivu. Shemeji alilipa baada ya muuzaji kuandika kwenye karatasi kwamba atairudisha pesa ikiwa kuna kasoro. Gari lina mwili mweupe na mdomo wa kijivu mpaka leo, na abiria wanapanda. Rangi itangoja baada ya masomo ya watoto kulipwa.

Ninyi mlio na haraka ya kurudi barabarani, najua kila siku bila kazi ni siku bila chakula. Lakini kupima kunachukua saa moja tu. Muuzaji akikukatalia kupima, hilo ndilo jibu lake. Shika pesa yako, enda kwa mwingine.