Kiti cha Bosi na Kiti cha Mpiga Chapa

Waliowahi kusubiri huduma kwenye ofisi ya serikali Dar es Salaam miaka ya 1980 wanajua kwamba viti vilikuwa na vyeo hata kabla wenyewe hawajafika. Benchi la koridoni lilikuwa la wananchi. Kiti cha mninga chenye mikono na mto mwembamba wa sponji kilikuwa cha ofisa wa kawaida. Vingi vya aina hiyo vilitoka kwenye karakana za Magereza au kwa mafundi wa Keko, na mgongoni vilipigwa namba ya idara kwa rangi nyeupe ili visitembee. Kiti cha mkurugenzi kilizunguka, egemeo lake lilipita kichwa, na juu yake palitandikwa taulo. Koti likiwa limening'inizwa pale, ujue mkubwa “yupo”, hata kama saa hiyo yuko Kariakoo anafuatilia mambo yake. Na pembeni, nyuma ya mashine ya taipu, kulikuwa na kiti ambacho hakuna aliyekitamani: cha mpiga chapa. Kilikuwa kidogo, hakina mikono, kikalio chake kikipanda na kushuka kwa skrubu, na egemeo lake lilikuwa kipande kifupi tu kilichokaa kiunoni, ambacho mtu aliweza kukisogeza mpaka kikamshika sawasawa.

Kwa kazi yenyewe, hicho cha mwisho kilikuwa bora kuliko vyote mle chumbani. Waliokibuni walijua kwamba anayekikalia atagonga herufi kutwa nzima, mikono ikiwa mbele na macho kwenye karatasi, basi wakampa kiti kinachomfuata mwili wake. Mkurugenzi hakuwa na haja hiyo. Kazi yake ilikuwa kusaini, kusikiliza, kujibu simu na kuinuka kwenda mkutanoni, na kiti chake kilitengenezwa kionekane kutoka mlangoni. Leo mpangilio ule umevunjika kwa namna ambayo sidhani kama tumeitafakari vya kutosha. Mkurugenzi anajiandikia barua pepe zake, mhasibu anajaza majedwali yake, mwandishi anajipangia kurasa zake, na wengi wao wanafanya hivyo nyumbani. Kila mmoja wetu amekuwa mpiga chapa wake mwenyewe. Lakini tukienda dukani tunatoka na kiti cha bosi.

Mazoea haya ya kukipima kiti kwa heshima yana mizizi mirefu pwani yetu. Viti vya enzi vinavyoonekana hadi leo kwenye makumbusho ya Lamu vilichongwa kwa mpingo, vikatiwa vipande vya pembe za ndovu, na egemeo na kikalio vikasukwa kwa kamba nyembamba. Egemeo lilisimama wima kabisa. Mtu hakujinyoosha pale, alikaa akaonekana. Ulaya na Marekani nako kiti cha ofisi kilipitia njia kama hiyo. Thomas Warren, Mmarekani, alitengeneza mwaka 1849 kiti cha springi kinachozunguka, chenye magurudumu, na miaka miwili baadaye kikaoneshwa London kwenye Maonesho Makuu. Ufundi ulikuwapo mapema, basi. Kilichochelewa ni wazo kwamba mwili wa karani una thamani sawa na wa mkubwa wake. Mwaka 1994 kampuni ya Herman Miller ilipotoa kiti cha Aeron, kilichobuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick, kiliuzwa kwa saizi tatu, A, B na C, na saizi hizo zilifuata umbo la mkaaji bila kujali wadhifa. Hakikuwa na ngozi wala sponji nene, ni wavu tu uliotandazwa kwenye fremu. Kweli, nacho kiligeuka alama ya ukubwa, maana bei yake ilikuwa ya kutisha. Hata hivyo wazo lilishapenya, na wavu ule ndio mama wa viti vya neti vilivyojaa madukani kwetu leo.

Huku kwetu mabadiliko yaliingia kwa mlango wa bei. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na zaidi bidhaa za China zilipomiminika miaka ya 2000, kiti cha kuzunguka kiliacha kuwa kitu cha kuombewa kibali cha manunuzi. Kilichoshuka bei kwanza kilikuwa umbo la kiti cha bosi: egemeo refu, mishono minene, weusi unaong'aa. Hapo ndipo hesabu inapomponza mnunuzi. Mwenye laki mbili mfukoni hawezi kununua sura na mtambo kwa pamoja. Mtengenezaji akitumia fedha kwenye egemeo refu na mikono iliyonakshiwa, lazima apunguze pengine, na anapunguza pasipoonekana. Kipindue kiti hicho dukani uone. Utakuta sahani nyembamba ya bati iliyofungwa kwa boliti nne kwenye ubao wa vumbi la mbao, na wenzo mmoja tu unaofanya kazi mbili, kupandisha na kulegeza. Bonyeza kikalio kwa kidole gumba: sponji nyepesi itakuruhusu uguse ubao. Baada ya miezi michache italala kabisa, na mkaaji ataanza kuongeza mto juu ya mto. Ile ngozi nayo si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya poliyurethani, ambayo huoza kwa unyevu na joto. Kwa hiyo Tanga, Mombasa na Unguja hubambuka mapema kuliko Nairobi au Arusha, ikaacha magamba meusi kwenye mashati ya watu.

Laki mbili hiyohiyo, ikielekezwa kwenye kiti kifupi cha neti au cha kitambaa kisicho na mbwembwe, hununua vitu ambavyo mgongo unavihisi: mtungi wa gesi unaopanda na kushuka bila kuzama, mguu wa nyota wenye matawi matano (vya zamani vyenye manne vilipinduka kirahisi), na egemeo linaloshika kiuno. Dukani usikikalie kwa sekunde tano ukasema kimekubali. Kaa, vua viatu kama nyumbani unafanya kazi pekupeku, sukuma makalio mpaka nyuma, kisha upitishe vidole kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti. Vikipita viwili au vitatu, kina kinakutosha. Visipopita, kiti ni kirefu kwako na utaishia kukaa ukingoni, egemeo likibaki pambo. Wanawake wengi na wanaume wafupi hukumbana na tatizo hili kwenye viti vya bosi, kwa sababu vilikatwa kwa kipimo cha mwanamume mkubwa.

Kipimo kinachosahaulika kuliko vyote ni meza. Meza nyingi za kazini, na za chakula pia, zina kimo cha sentimita 75 hivi. Mtu wa sentimita 160 akikaa nyayo zikiwa bapa sakafuni, viwiko vyake huwa takriban sentimita 65 kutoka chini. Kwa hiyo anapochapa kwenye meza hiyo mabega hupanda, na jioni analalamika shingo. Dawa ni kupandisha kiti hadi viwiko vilingane na meza, lakini hapo miguu inabaki inaning'inia na ukingo wa kikalio unabana mapaja. Inatakiwa pawe na kitu cha kukanyagia, cha sentimita kumi hivi. Mafundi wa viti vya enzi walilijua hilo, ndiyo maana viti vingi vile vina kibao cha miguu. Leo seremala yeyote anaweza kukigonga kibao hicho kwa mabaki ya mbao. Kompyuta mpakato nayo ina kasoro ambayo hakuna kiti kinachoitibu, maana skrini na kibodi zimeshikana: ukiweka mikono mahali pake shingo inainama, ukiinua skrini mikono inapaa. Bila kibodi ya pembeni na vitabu viwili vitatu vya kuinulia skrini, kiti cha milioni hakitakusaidia kitu.

Wapo watakaosema haya ni madeko ya watu wa mjini. Wazee wetu walikaa kwenye vigoda na mikeka na migongo yao haikuwa na kesi. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini inataja sababu isiyo yake. Aliyekaa kwenye kigoda akipika aliinuka kuchota maji, akainama kuchochea moto, akageuka kumwita mtoto. Kilichomlinda ni kutotulia. Aliyetulia kwenye kigoda kimoja kutwa nzima ni fundi cherehani, na muulize yeyote mwenye miaka ishirini kwenye kazi hiyo habari za kiuno chake. Utafiti nao unaelekea hukohuko. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake nchini Ujerumani walichapisha vipimo vya shinikizo ndani ya diski ya uti wa mgongo wa mtu mmoja aliyejitolea, vilivyochukuliwa akiwa kwenye shughuli za kawaida. Akisimama kwa utulivu shinikizo lilikuwa megapaskali 0.5, akikaa bila kuegemea, 0.46, akijiachia nyuma kwenye kiti, lilishuka hadi karibu 0.3. Mtu mmoja si umma mzima, na shinikizo la diski si maumivu. Hata hivyo vipimo vile vilitikisa imani ya zamani kwamba kukaa wima kama askari ndiko kukaa vizuri, na vinampa mnunuzi sababu ya kutafuta egemeo linalolala na kurudi. Hakuna kiti kitakachomwondolea mtu wajibu wa kuinuka. Kilicho kizuri kinamruhusu kujigeuza geuza bila kusimamisha kazi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la fundi wetu: kwa nini tununue plastiki ya kigeni wakati Keko na pembezoni mwa Ngong Road watu wanachonga viti vinavyodumu? Hapa nakubali zaidi ya nusu. Seremala ndiye muuzaji pekee atakayekupima goti kabla ya kukata mguu wa kiti, na kiti cha mkangazi kilichokatwa kwa kimo chako, egemeo likilala kidogo na mto wa sponji nzito juu yake, kitakushinda umri. Kwa anayefanya kazi saa mbili tatu kwa siku, nisingemshauri atafute kingine. Tatizo ni kwamba wateja wetu hawapeleki vipimo. Wanapeleka picha kwenye simu, na picha yenyewe ni ya kiti cha bosi. Fundi naye anatengeneza alichooneshwa. Kwa anayekaa saa nane, mbao ina upungufu mmoja usioepukika: haimfuati anapojigeuza.

Huyo ningempeleka kwenye mtumba. Viti vinavyotolewa kwenye ofisi za Ulaya zinapohama au kubadilisha samani huletwa kwetu vikiwa na mitambo ambayo kiti kipya cha bei hiyohiyo hakina. Watu wanahofia kunguni, na wana haki: kagua mishono na chini ya kikalio kwenye mwanga mkali, na ukiweza chagua cha neti, chenye maficho machache. Wanahofia pia gesi kuisha. Gesi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha, kwa sababu mitungi ya viti vingi vya ofisi hufuata vipimo vinavyofanana. Fundi mwenye nyundo na spana ya bomba anautoa wa zamani na kupachika mpya, na magurudumu hutoka kwa kuvutwa tu. Kipandishe mpaka mwisho, kikalie, subiri dakika kadhaa. Kikizama, omba punguzo la bei ya mtungi badala ya kukiacha. Kinachonifanya nikimbie ni kitu kimoja: sahani ya chini iliyopasuka ikachomelewa. Ufa ule utarudi, na utarudi ukiwa umekalia.

Mikutano ya video imerudisha cheo kwa mlango wa nyuma, maana kamera inaonesha egemeo na kuficha kikalio. Ndiyo sababu ya vile viti vyenye mabawa na mistari myekundu, vilivyoiga viti vya magari ya mashindano. Kwenye gari mabawa yale humzuia dereva asitupwe konani. Sebuleni kona hizo hazipo.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni la nani anayelipa. Ile namba ya rangi nyeupe ilimaanisha kiti ni mali ya mwajiri, na kikivunjika ni yeye wa kukitengeneza. Machi 2020, korona ilipoingia Kenya, makampuni mengi ya Nairobi yaliwarudisha watu nyumbani wakiwa na kompyuta mpakato. Viti vilibaki ofisini. Wengine hawakurudi tena kwa siku zote tano za juma, na gharama ya kukaa ikahamia kimyakimya kwenye mshahara wa mfanyakazi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya 2007, na zote zimemtwika mwajiri jukumu la mazingira ya kazi. Sioni kwa nini jukumu hilo liishie getini, hasa pale kampuni inapopunguza pango kwa kuwatawanya watu majumbani. Waajiri hujibu kwamba mfanyakazi ataacha kazi aondoke na kiti. Anaweza kuondoka na kompyuta pia, na kwa kompyuta tayari wana fomu ya kusaini. Mfasiri au mhasibu anayejitegemea hana wa kumdai. Huyo akiingize kiti kwenye bei ya kazi zake, kama anavyoingiza bando na umeme.