Njia Yetu ya Kwenda Kisangani



Wengi wametuuliza juu ya safari yetu ya likizo kubwa ya mwaka 2011, tulipotoka Bukavu mpaka Kisangani bila kupanda ndege. Tumekubali kuiandika. Kila mwaka tunafundisha watoto majina ya milima na mito ya Kongo, nao wanayakariri vizuri, lakini sisi walimu wao tulikuwa hatujaiona. Kuna na sababu nyingine, nayo hatutaificha.

Mmoja wetu alizaliwa Walungu, mwingine Kisangani. Tulijuana ISP ya Bukavu, tukaoana mwaka 2004. Wakati ule vita ilikuwa imefunga njia, na hakuna mtu wa jamaa ya Kisangani aliyefika kwenye arusi. Marafiki ndio waliosimama mahali pao siku ya kutoa mali. Miaka saba ikapita, mtoto hakupatikana. Kisha simu zikaanza. Baba mdogo aliuliza kwanza kwa upole, halafu bila upole: huyo bibi wa Kivu ni wa namna gani? Alisema kuna wasichana wengi Kisangani. Mwisho akasema mama anataka tufike sisi wawili, jamaa ikae, neno limalizike.

Tiketi mbili za ndege zingekula mishahara yetu ya miezi mingi. Basi tukakamata njia ya chini.

Tulivuka Ziwa Kivu kwa meli mpaka Goma, na kesho yake asubuhi tukapanda basi dogo la Butembo. Kitabu cha darasani kinasema jangwa ni mchanga. Kwenye barabara ya Rutshuru tuliona jangwa la mawe meusi. Ni moto wa Nyiragongo, uliotelemka mpaka ndani ya mji tarehe 17 Januari 2002, ukapoa ukawa jiwe. Hakuna kivuli wala maji, na mawe yanakata viatu. Lakini mama mmoja alikuwa ameleta udongo kwa ndoo, akaumwaga kati ya mawe, akapanda lengalenga. Zilikuwa kijani kabisa. Tulizitazama mpaka gari likakata kona.

Ndani ya gari watu wakaanza kuulizana habari, kama kawaida yetu. Mama aliyekaa karibu akauliza, "Na nyinyi, muna watoto wangapi?" Mmoja wetu akajibu upesi, "Wawili." Alifurahi, akauliza majina. Tukamtajia majina ya watoto wa jirani yetu. Kiisha tukanyamaza, kila mmoja akatazama dirisha lake.

Baada ya Rutshuru barabara inaingia katika hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika yote. Magari yalipanga mstari, askari mbele na nyuma. Bonde la Rwindi lilikuwa na joto kali na majani makavu ya njano. Tuliona swala wengi, na nyati wachache waliosimama kama watu wanaongoja mkutano. Kiisha gari likaanza kupanda mlima wa Kabasha. Ni kona juu ya kona. Wasafiri waliomba Mungu kwa sauti, na shoferi naye akaitika "Amina". Kanyabayonga tulikuta baridi. Kutoka pale mpaka Lubero ni milima mitupu: viazi, kabichi, mbaazi, ngano, na vijana wanaotelemka na vikudu vilivyobeba mizigo mizito. Kati ya Lubero na Butembo tulivuka mstari wa ikweta. Watoto wetu wa shule wanafikiri ikweta ni joto. Sisi tulikuwa tumejifunika kitenge kimoja wawili, na tulitetemeka.

Usiku ule Butembo hatukulala vizuri. Tulizungumza juu ya uongo wa asubuhi. Kama tumemdanganya mtu tusiyemjua, tutasema nini mbele ya mama? Tukapatana: tangu sasa, yeyote akituuliza, tutajibu "Tuko wawili", maana ndiyo kweli. Tuko wawili.

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54, na mtu anatelemka toka baridi mpaka kwenye mipapai na kakao. Asubuhi moja Beni, mawingu yalipofunguka kidogo, tulionyeshwa theluji ya Ruwenzori. Kilele chake kina metre 5109. Ilionekana kama dakika kumi, kiisha ikafungwa tena. Pale ndipo tulipopata lori la chumvi na sabuni, likienda Kisangani. Tulikaa juu ya magunia pamoja na watu wengine kumi na wanne, kuku, na mbuzi mmoja aliyekula kofia ya mwalimu.

Oicha, Eringeti, Komanda, Mambasa. Baada ya Mambasa anga likawa dogo. Pori la Ituri linasimama pande mbili za barabara kama ukuta, na harufu yake ni ya majani yaliyolowa. Wambuti walitoka kandokando kuuza asali iliyofungwa katika majani ya mangongo. Epulu lori lilipumzika siku moja, tukaenda kwenye kituo kuona okapi. Ni ndugu wa twiga, ingawa miguu yake ina mistari kama ya punda milia. Ulimi wake ni mrefu hata analamba masikio yake mwenyewe. Wataalamu wa Ulaya walimwandika mwaka 1901 tu, lakini watu wa pori walimjua tangu zamani. Alitutazama bila haraka, akaendelea kula.

Baada ya Nia-Nia mvua ilinyesha usiku mzima. Mbele yetu lori lingine lilizama katika matope mpaka mlangoni, na magari yote yakasimama nyuma yake. Tulikaa pale siku mbili na nusu. Wanaume walichimba, walikata miti, walivuta kamba. Wanawake tuliwasha moto. Chakula chetu kilikuwa kimekwisha, na makemba ya kijiji cha karibu yalinunuliwa yote siku ya kwanza. Mama mmoja mfanyabiashara, mwenye sauti kubwa, alifungua mfuko wake wa makayabu akatugawia, akauliza swali lile lile. Tukajibu, "Tuko wawili, mama." Hakuelewa, akarudia. Tukarudia. Ndipo akaelewa. Hakutupa pole. Alikoroga chungu, akasema, "Mimi nimezaa tisa, na juu ya lori hili niko peke yangu. Nyinyi muko wawili. Kuleni."

Maneno hayo tulitembea nayo mpaka Bafwasende, na toka Bafwasende mpaka mji.

Tuliingia Kisangani siku ya kumi na mbili, jioni, wachafu hata mwenye toleka alitaka bei ya mizigo. Mama alikuwa ameketi nje. Alishika nyuso zetu, moja mkono wa kuume, nyingine mkono wa kushoto. Hakuuliza kitu. Alituchotea maji ya kuoga, akapika lituma na samaki wa mto, akakaa kututazama tukila.

Siku ya posho jamaa ikakutana. Baba mdogo akafungua neno lake kwa utaratibu, kama mtu aliyelitayarisha miaka. Mama akamwacha amalize. Kiisha akauliza tulilala wapi usiku wa kwanza. Tukasema Goma. Usiku wa pili? Butembo. Akahesabu kwa vidole, kituo kwa kituo, na zile siku za matope, mpaka vidole vikamwishia. Akasema, "Mtu aliyepita pori lile lote kuja kunisalimu, nimuulize nini tena? Huyu ni mtoto wangu. Asiyeridhika, naye afike Bukavu kwa njia hiyo, kisha tutaongea." Watu walicheka. Baba mdogo hakucheka siku ile, lakini tulipoaga, yeye ndiye aliyebeba sanduku letu.

Ndiyo safari yetu. Tumeiandika sasa kwa sababu njia ile haiko tena kama tulivyoiacha. Mwezi wa Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia Epulu, wakaua watu na okapi wote 14 wa kituo. Na tangu Oktoba 2014 kule Beni, Oicha na Eringeti, mahali tulipokunywa chai, watu wanachinjwa usiku nyumbani mwao. Kila tunaposikia jina la kijiji kwenye redio, tunatafuta kukumbuka nani alituuzia ndizi pale.

Mama anapiga simu kila siku ya Mungu kuuliza tutarudi lini. Tunamjibu: njia ikifunguka. Wamama, mnapoombea watu wa Beni na Ituri, msiombee jina la mahali tu. Mkumbuke na mama mwenye makayabu. Jina lake hatukuliuliza. Kama yuko hai, bado anapita pale.

Na binti zetu na wana wetu wanaooana bila kupata mtoto upesi, mkiwauliza "muna wangapi?" na wakajibu "tuko wawili", muwape chakula.