Masega ya Gari na Hewa ya Wengine

Jumamosi mbili zilizopita nilishinda chini ya gari langu, nikibadilisha mafla pamoja na kipande cha bomba kinachoishikilia. Sikufanya hivyo kwa ubahili, ingawa mke wangu ana maoni yake kuhusu jambo hilo. Nilitaka kujua ni kitu gani hasa ninacholipia kila fundi anaponiambia kwamba ekzosi imekufa. Mtoto wa dada yangu, anayesomea ufundi wa magari, alikubali kunisimamia. Kwa siku ile yeye akawa mwalimu, nami mwanafunzi.

Kazi yenyewe haina miujiza. Gari hunyanyuliwa kwa jeki, lakini mtu haingii chini yake mpaka likae juu ya stendi na matairi yaliyobaki ardhini yawekewe vizuizi. Nati za ekzosi hazifunguki kwa nguvu peke yake, kwa kuwa joto na kutu huzigandisha. Tulizipulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia siku hiyo, na hata hivyo moja ilikatika ikabidi itobolewe. Mipira inayoning'iniza bomba hutoka kwa maji ya sabuni. Gasketi ya zamani hairudishwi. Bolti hukazwa mwishoni, baada ya bomba zima kukaa sawa, la sivyo litaigonga sakafu ya gari kwenye kila shimo la barabarani, na mashimo, namshukuru Mungu, hatujapungukiwa.

Mafla ya zamani ilipolala chini niliona kwamba ilikuwa imeoza kutoka ndani. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita moja. Katika safari ndefu bomba hupata moto, na maji hayo hutoka kama mvuke. Katika safari fupi, kama ile ya kwenda kazini na kurudi, hubaki ndani yakichanganyika na tindikali hafifu ya moshi, yakaula ule chuma polepole.

Tukiwa bado chini, mnunuzi wa vyuma chakavu alisimamisha mkokoteni wake nje ya ua. Hakuitazama mafla hata kidogo. "Shikamoo mzee," akasema. "Na masega je, hamyauzi?"

Kwa asiyejua, masega ni kile kifaa kilichomo ndani ya kopo la chuma, kati ya injini na mafla. Aghalabu ni kauri yenye vitundu vidogo vingi mno, kama sega la nyuki, iliyopakwa tabaka jembamba la platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa na joto la kutosha, gesi ya kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa hewa ya ukaa, mafuta yasiyoungua hugeuzwa kuwa hewa hiyo na maji, na oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Dereva haoni tofauti yoyote, na hapo ndipo penye tatizo: kifaa hiki hakimfanyii kazi mwenye gari. Kinamfanyia kazi aliye nyuma ya gari.

Bei aliyotaja kijana yule ilizidi gharama ya mafla mpya na bomba lake. Mpwa wangu alinieleza kwamba gereji nyingi hufanya jambo hilo kila siku: masega hukatwa, bomba tupu huchomelewa mahali pake, gari likaenda. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, sensa ya nyuma husogezwa kwa kipande cha chuma ili isiguswe sawasawa na moshi, na taa ikazimika. Nilimwomba anieleze mara ya pili, kwa sababu nimesoma ripoti nyingi za utekelezaji maishani mwangu, na sikuwahi kupata maelezo bora zaidi ya jinsi zinavyoandikwa. "Mjomba," akamalizia, "hakuna atakayejua."

Alisema kweli. Wapo hata wanaoacha gari gereji kwa matengenezo ya breki, wakalichukua bila masega, wasijue kamwe. Atakayejua, bila kulijua jina la kitu chenyewe, ni mama lishe mwenye jiko lake kando ya kituo cha daladala, kijana wa bodaboda anayepumua kwenye foleni uso wake ukiwa usawa wa mabomba yetu, na askari wa usalama barabarani anayesimama kwenye makutano saa nane za mchana. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania kwenye damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara mia mbili. Masega yangu yamebaki mahali pake.

Walakini dhamiri ya mhadhiri mmoja si sera. Magari ya Marekani yalianza kuwekewa masega kwa wingi katika matoleo ya mwaka 1975, baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, na ilibidi petroli yenye risasi iondolewe kwa sababu risasi huyaua masega. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 zikawa zimeiacha. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, ambayo hatuyasherehekei inavyostahili. Yalifanikiwa kwa kuwa uamuzi ulifanyika kwenye mafuta yenyewe, kabla hayajamfikia dereva. Hakuna aliyeombwa awe mwema. Tulikwisha kuyasafisha mafuta ili masega yaweze kufanya kazi, kisha tukayaacha masega yakatwe na msumeno.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu mwaka 2004, na kanuni za ubora wa hewa zipo. Lakini katika miaka yangu yote ya kuendesha gari nimekaguliwa matairi, taa, leseni, bima na kizima moto. Sijawahi kukutana na mkaguzi mwenye kifaa cha kupima gesi zitokazo kwenye bomba. Kifaa hicho huingizwa mdomoni mwa ekzosi injini ikiwa inanguruma, na husoma kwa dakika chache. Hakidanganywi kwa kusogeza sensa.

Upande wa pili ni wa biashara. Platinamu nyingi duniani hutoka Afrika Kusini, katika ukanda ule ule wa migodi ambamo wachimbaji 34 waliuawa kwa risasi za polisi huko Marikana tarehe 16 Agosti 2012. Huvuka bahari, hurudi kwetu imejificha chini ya gari lililotumika, kisha huondoka tena ndani ya gunia la vyuma chakavu. Tangu mwaka 2019 tuna masoko ya madini, ambako mchimbaji mdogo wa Geita hupeleka dhahabu yake ipimwe, iandikwe na ikatwe mrabaha. Kijana wa mkokoteni ananunua madini ya thamani uani kwangu, wala haandiki hata namba ya gari yalikotoka.