Tableti mbili juu ya mawe ya Mwitongo

Wengi wanaokwenda Butiama hufuata historia, na ni haki yao. Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na pale Mwitongo, nyumbani kwao, ndipo alipozikwa Oktoba 1999. Mimi nilifuata hiyohiyo historia, ila begini nilikuwa na la ziada: tableti mbili za kuchorea, zote za kuazima, na mfukoni hela ya kununua moja tu.

Kwa wale wasiofahamu, sisemi vile vishikwambi vya makarani wa Sensa ya 2022 ambavyo baadaye walipewa walimu. Tableti ya kuchorea ni ubao mwembamba unaochomekwa kwenye kompyuta, una kalamu yake. Mkono unachora ubaoni, picha inatokea kwenye kioo cha kompyuta. Ipo na aina ya pili ambayo ubao wenyewe ni kioo, unachora juu ya picha yako kama vile karatasi. Hiyo ndiyo vijana wa mjini wanaitolea macho, na bei yake nayo inakutolea macho.

Nilikuwa nimepata kazi ya kuchora picha za kitabu cha watoto, mambo ya kijijini kanda ya Ziwa. Malipo ya awali yalitosha tableti moja. Ukichagua vibaya ndio imetoka, unabaki nayo mpaka kitabu kiishe. Na ushauri wa washikaji Dar, si unajua tena, kila mmoja anasifia ya kwake. Nikasema bora nikazijaribu palepale penye vitu vya kuchorwa.

Na Mwitongo vipo, bwana! Yale si mawe ya kuanikia nguo. Ni matale makubwa kuliko daladala, mengine yamebebana kana kwamba kuna mtu aliyapanga asubuhi, akaenda kunywa uji asirudi. Mchoraji akiyaona anajua shughuli ipo: mgongo mrefu wa jiwe unaotaka mstari mmoja bila kusita, nyufa nyembamba kama nywele, na pimbi kajianika juu hana habari na mtu.

Nilipita makumbusho kwanza, kisha makaburini. Pale begi halikufunguliwa. Kaburi si mahali pa kujaribia vifaa. Baadaye nikaomba ruhusa, nikaonyeshwa jiwe la kukalia.

Nikaanza na ile ya kioo. Ilikuwa saa tano asubuhi, na jua la Mara saa hizo halina utani. Nilichokiona kwenye kioo ni sura yangu mwenyewe na mawingu mawili. Nikaweka koti kichwani kama mgonjwa anayejifukiza, picha ikaonekana, lakini jiwe sasa silioni! Halafu ile kitu inanyonya umeme wa laptop. Betri iliporomoka kama bei ya nyanya wakati wa mavuno, na kwenye matale hakuna pa kuchomeka.

Ya pili ni ubao mtupu. Nikauunganisha na simu kwa kile kiunganishi kidogo wanachokiita OTG, simu nikaitumbukiza ndani ya boksi la viatu ipate kivuli. Ubao nikaulaza pajani, juani. Kuchora huku huutazami mkono ni kazi ya kuzoea, wiki kadhaa hivi, lakini ukishazoea macho yanakuwa huru. Nilikuwa natazama jiwe, mkono unafuata, mara mojamoja nachungulia boksini.

Mzee mmoja akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, mbona unakwaruza na hapaonekani kitu?"

Nikamsogezea boksi. Akainama, akatazama jiwe, akatazama boksi tena. "Huyo pimbi umemnenepesha," akasema, akaenda zake. Na kweli alikuwa mnene.

Sasa wewe unayetaka kwenda Kariakoo na mshiko wako, sikiliza. Muuzaji ataanza na namba: hii inahisi ngazi 8,192 za mkandamizo, ile 4,096 tu. Usibabaike. Mkono wa kawaida hautaiona tofauti hiyo. Angalia kama kalamu inaitikia ukiigusisha taratibu sana, kwa sababu nyufa za jiwe zinachorwa kwa kugusa, si kwa kukandamiza. Chukua rula, chora mstari wa mshazari polepole. Ukitoka umepinda kama nyoka, rudisha. Jaribu na pembe zote nne, hasa kama ni ya mtumba.

Kalamu iwe isiyotumia betri. Ndani ya ubao kuna nyaya zinazotengeneza usumaku, kalamu inapata nguvu humo, huchaji chochote. Ncha zake zinalika, hasa kwenye ubao wenye mparuzo, basi hakikisha za akiba zimo kwenye boksi. Na ukibadilisha chapa, futa kwanza programu ya ile ya zamani kwenye kompyuta, maana Wacom na Huion wakikaa nyumba moja wanaweza kugombana.

Ukubwa ndio ulioniumiza kichwa. Ndogo, ya sentimita 16 kwa 10 hivi, inaingia begini vizuri, lakini unachora kwa kiwiko cha mkono, na mgongo wa jiwe unatoka vipandevipande. Ya kati, kama sentimita 25 kwa 16, inaruhusu mkono mzima kutembea. Tena simu ikisimama wima, tableti nyingi zinakuachia kipande tu cha ubao kifanye kazi. Kwenye ndogo unabakiwa na kiganja.

Sikatai, kwa anayeshinda ofisini penye feni na umeme, ile ya kioo ni tamu. Hawa kina Gado na Masoud Kipanya majina yao yalianza kuvuma enzi za wino na karatasi, kwa hiyo kioo si lazima. Mimi nilirudisha zote mbili kwa wenyewe, nikanunua ya kati isiyo na kioo. Chenji ilinitosha nauli ya kurudi Musoma, safari hii kwa ajili ya pimbi. Mwenye kitabu amemkubali ila anataka awe na watoto watatu.