Tonga Lilipopata Bei

Nilipokuwa mdogo hapa Chemchem, mjini Tabora, tonga, tunda la porini, halikuuzwa. Aliyetoka Sikonge alikuja na matonga kwenye kikapu akagawa, tukayapasua kwa jiwe na kumumunya kokwa. Tunda la sokoni lilikuwa embe, ambalo miti yake ilifuata njia ya misafara hadi Ujiji. Matonga, furu na mbula tuliachiwa sisi watoto na wachunga ng'ombe.

Waliotufumbua macho ni watafiti wa kituo cha Tumbi, magharibi mwa mji, na wenzao wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto. Walianza na kilimo mseto miaka ya 1980, wakihangaikia miti ya kurutubisha udongo na kuni za kukaushia tumbaku, kisha wakageukia matunda pori. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vikundi vya akina mama vilikuwa vikifundishwa kutengeneza juisi, jamu na mvinyo.

Shangazi alikuwa miongoni mwao. Alirudi na daftari: loweka, chuja kwa kitambaa safi, tia sukari, pasha moto lakini epua kabla haijatokota. Juisi ilikuwa tamu kweli. Tatizo likawa chupa. Za maji, zile za kuokota, zilinywea juisi ya moto ilipomiminwa. Za kioo zilitoka Dar es Salaam, na chupa moja ilitugharimu kuliko kilichokuwa ndani. Daftari halikuwa na ukurasa wa chupa. Mtafiti huhesabu waliofundishwa. Muuzaji huhesabu zilizobaki rafuni.

Na nani angenunua? Majirani walicheka: “Shangazi, yaani unatuuzia matonga?” Wateja wetu wa kwanza walikuwa abiria pale stesheni, waliozoea kubeba asali ya Tabora, hasa watu wa huku wanaoishi Dar, ambao tonga huwakumbusha kwao.

Nilipoirithi kazi ile, niliacha mvinyo na jamu nikabaki na juisi. Nilianzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa kuwa barua yao humfungulia mjasiriamali mdogo mlango wa TBS, shirika la viwango. Zamani ilibidi kuzunguka pia TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mwaka 2019 usajili wa vyakula ukahamia TBS, ikawa nafuu. Alama ya TBS ilipokaa kwenye lebo, maduka yaliyokuwa yakinipiga chenga yakaanza kupokea mzigo.

Kilichobaki kuwa kigumu ni malighafi. Watafiti wameonyesha kwamba mkusu, mti mwingine wa matunda pori, ukibebeshwa huweza kuzaa chini ya miaka minne, ilhali wa mbegu huchukua zaidi ya kumi. Lakini nani hapa atapanda mkusu au mtonga shambani, wakati porini ni bure? Basi nawategemea wachunga ng'ombe. Zamani waliniletea kwa shukrani ya sukari. Siku hizi tunapatana kwa debe, na msimu uliopita walipandisha bei. Nilipolalamika, kijana mmoja akanijibu kwamba hata wao wanajua kusoma bei iliyobandikwa kwenye chupa.